Bunduki Iliyofungwa Mdomo



Wazee wetu walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii tumezoea kuipigia mfano wa mtu mpole afichaye hasira zake, au mji uliotulia kumbe ndani una fitina. Lakini wako watu duniani walioufanya ukimya wenyewe kuwa bidhaa. Waliuchonga kwa chuma, wakautia bei nafuu, wakauuza madukani na kwa njia ya posta kama ziuzwavyo saa na nyembe. Bidhaa hiyo ni kile kifaa kifungwacho kwenye mdomo wa bunduki ili kipunguze mlio wake. Magazeti yetu hukiita kiwambo cha sauti. Fundi wa magari naye atakwambia kuwa kifaa hicho ni ndugu wa sailensa iliyo chini ya gari lako, na hatakuwa amesema uwongo, kama tutakavyoona.

Pengine utauliza: sisi na khabari hizi wapi na wapi? Nitakujibu kwa mambo mawili. La kwanza, ukoo uliofungua biashara hii ndio ule ule uliotengeneza silaha iliyowaangusha babu zetu. La pili, ndani ya kisa hiki mna suali linalomkabili kila mwenye duka na kila fundi, awe anauza bunduki au anauza sumu ya panya: Je, yamtosha muuzaji kusema, "Mimi nimeuza tu, atakalofanya mnunuzi ni juu yake mwenyewe"?

BABA ALIYETIA KISHINDO

Hiram Stevens Maxim alizaliwa mwaka 1840 katika jimbo la Maine, Marekani. Alikuwa fundi hodari wa kubuni mambo, na alishughulika sana na taa za umeme. Mwaka 1881 alivuka bahari kwenda Ulaya, akafanya makazi yake Uingereza, na mwanawe wa kiume akabaki Marekani pamoja na mama yake. Yasimuliwa kwamba huko Ulaya alikutana na mtu aliyemshauri kuwa akitaka fedha nyingi basi auache umeme, abuni kitu kitakachowawezesha watu wa Ulaya kuchinjana kwa wepesi zaidi.

Mwaka 1884 akatoa bunduki iliyojipakia risasi yenyewe. Kabla yake, ile nguvu ya bunduki kurudi nyuma inapopigwa ilikuwa ikimuumiza mpigaji bega bure. Maxim akaifanyia kazi nguvu hiyo, ikawa ndiyo itoayo ganda na kuingiza risasi nyingine. Mtu mmoja akaweza kupiga risasi kiasi cha 600 kwa dakika moja. Watu wetu walipoisikia ikilia waliiita bombomu, na jina hilo latosha kuwa maelezo.

Stanley alipopita Unguja mwaka 1887 na kuchukua watu zaidi ya 600 kwa safari ya kumfuata Emin Pasha, alikuwa nayo moja katika mizigo yake. Tarehe 2 Septemba 1898, huko Omdurman nchini Sudan, wafuasi wa Khalifa zaidi ya 10,000 waliuawa kwa siku moja mbele ya bunduki hizo na mizinga, na jeshi la Waingereza na Wamisri likapoteza watu wasiotimia 50. Hapa petu, tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walioishambulia boma ya Mahenge walifyekwa kwa bombomu za Wajerumani, na maji waliyopewa hayakuwafaa kitu.

Mzee Maxim alitajirika, na mwaka 1901 akapewa cheo cha Sir. Lakini kishindo kile kilimdai chake: masikio yake yaliharibika kwa milio ya silaha zake mwenyewe, na uzeeni alikuwa kiziwi. Tena alisumbuliwa na kifua, akabuni chombo cha kuvutia mvuke wa dawa kooni, na wengi wakapona nacho au wakapata nafuu. Jamaa zake wakamlaumu kwamba amejishusha, amekuwa kama mganga wa mitaani! Mwenyewe aliandika kwa uchungu kwamba watu waliona kubuni chombo cha kuua ni sifa, na kubuni chombo cha kupunguza maumivu ni fedheha. Lizingatie sana neno hili, ndugu yangu, maana limetoka kwa mtu aliyevionja vyote viwili.

MWANA ALIYEUZA UKIMYA

Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alizaliwa mwaka 1869. Alisoma katika chuo cha ufundi cha Massachusetts, akamaliza mwaka 1886 naye hajatimia miaka 17. Mwaka 1895 akaingia mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, akawa miongoni mwa mafundi wa magari ya mwanzo mwanzo ya Marekani.

Kijana huyu alipenda kulenga shabaha, lakini hakupata raha ya mchezo wake kwa kuwa alijua mlio unawaudhi wengine. Haya ndiyo aliyoyaeleza yeye, na sina sababu ya kumkadhibisha. Kumchunga jirani ni tabia njema kwa kila mtu, wa dini yoyote. Basi yasemwa kwamba siku moja aliyatazama maji ya bafu yakishuka, akaona jinsi yanavyozunguka katika tundu na kuchelewa kutoka. Akafikiri: lau ule moshi wa baruti nao ungezungushwa ndani ya kopo kabla ya kutoka, ungetoka taratibu na usingelipuka. Tarehe 30 Machi 1909 serikali ya Marekani ikampa hati ya uvumbuzi wake.

Hapa yafaa tufahamu kitu, kwa sababu sinema zimewadanganya wengi. Mlio wa bunduki una asili zaidi ya moja. Asili ya kwanza ni moshi wa baruti ulioshindiliwa, unaopasuka kwa ghafula unapofika mdomoni. Ya pili ni risasi yenyewe, ambayo ikienda kasi kuliko sauti huipasua hewa kwa mlio mkali kama wa mjeledi. Kiwambo hupunguza ule wa kwanza tu. Bunduki nyingi hutoa sauti ya kiasi cha desibeli 140 mpaka 170, na kuanzia 140 sikio huweza kudhurika kwa mlio mmoja tu. Kiwambo huondoa desibeli kama 20 mpaka 35. Kwa hiyo bunduki yenye kiwambo bado yasikika, isipokuwa haiumizi sikio kama mwanzo, na aliye mbali hupata tabu kujua mlio umetoka wapi.

Yaangalie maneno haya mawili ya mwisho, kwani mjadala wote umesimama hapo. Kifaa kimoja kina manufaa na kina madhara, na vyote viwili vyatokana na kazi ile ile moja. Kinachoyalinda masikio ya mwindaji ndicho kinachozificha nyayo za muuaji. Mlio wa bunduki ni udhia, lakini pia ni shahidi. Ndio unaomwamsha jirani, ndio unaomwita askari, ndio unaowaambia watoto wakimbie.

Maxim alifungua kampuni Hartford, akatengeneza viwambo kwa bunduki za aina nyingi, kuanzia zile ndogo za shabaha mpaka zile za jeshi. Alivitangaza magazetini kwa lugha ya adabu, kwamba ni kwa mtu mstaarabu asiyetaka kuwaudhi watu. Bei ilikuwa dola chache tu, na aliye mbali aliletewa kwa posta. Hakuulizwa jina lake, wala kazi yake, wala sababu ya kukitaka. Mwenye dola alipewa ukimya.

BEI SI MLINZI

Ikaja miaka ya 1920. Marekani ilipiga marufuku ulevi tangu 1920 hadi 1933, na magenge ya wauza pombe ya magendo yakapigana mijini kwa bunduki za rashasha. Mauaji ya Chicago ya tarehe 14 Februari 1929, walipopangwa watu saba ukutani wakauawa, yaliitia nchi nzima khofu. Tarehe 26 Juni 1934 Rais Franklin Roosevelt akatia saini sheria ya silaha, na viwambo vya sauti vikaingizwa humo pamoja na bunduki za rashasha. Muswada wa kwanza ulitaka hata bastola ziingie. Bastola ikaondolewa, viwambo vikabaki.

Sheria hiyo ilifanya mambo mawili. Kwanza, ilitoza ushuru wa dola 200 kwa kila kiwambo kitengenezwacho au kihamishwacho kutoka mkono hadi mkono. Fedha hizo zilikuwa nyingi mno wakati ule, zaidi ya dola 4,000 za leo, kwa kifaa cha dola chache. Pili, iliamrisha kiandikwe katika daftari la serikali, na jina la mwenye nacho lijulikane.

Watu waliutazama ushuru wakalisahau daftari. Ushuru ulionekana kuwa ndio mlinzi, kwa sababu ulimfukuza mnunuzi. Lakini dola 200 hazikuongezwa kwa miaka 90, na thamani ya fedha ikashuka mwaka hadi mwaka, hata zikawa si kitu kwa mtu wa kawaida wa Marekani. Mlinzi akazeeka na kulala mlangoni. Mwaka 2021 viwambo vilivyoandikishwa nchini humo vilipita milioni 2. Mwaka 2025 ikapitishwa sheria ya kuufuta ushuru wa viwambo, na tangu tarehe 1 Januari 2026 ushuru wa kiwambo ni sifuri. Lililobaki ni daftari. Nalo wenye biashara wamekwenda mahakamani kulipinga, wakidai kwamba sheria ile ilikuwa sheria ya ushuru, na ushuru ukiondoka daftari halina pa kusimama.

Wazee wetu wa biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila khabari. Walikusudia fedha. Mimi naona methali hii yafaa zaidi kwa silaha.

Wanaokitetea kiwambo wanazo hoja, na haifai kuzificha. Wawindaji wa Ulaya ya kaskazini hukitumia kwa kawaida ili wasiwe viziwi, na majirani wa viwanja vya shabaha hupumzika. Wanasema vilevile kwamba viwambo vilivyoandikishwa huonekana kwa nadra sana katika mashauri ya jinai. Hoja hii ni ya kweli, lakini je, ni ushahidi wa nani? Ikiwa kifaa kilichoandikwa jina la mwenyewe hakitumiwi sana katika uhalifu, basi lililothibitika ni manufaa ya kuandika jina. Mtu hawezi kulishika daftari kwa mkono mmoja akajisifia nalo, kisha kwa mkono wa pili akalichana.

UKIMYA WA SERIKALI

Usidhani kwamba magenge peke yao ndiyo yaliyoupenda ukimya huu. Katika Vita Vikuu vya Pili, Waingereza walitengeneza bastola iitwayo Welrod kwa ajili ya watu wao wa siri, na kiwambo chake kilikuwa sehemu ya bastola yenyewe. Haikuandikwa jina la kiwanda. Fundi aliyetia jina lake kwenye kijiko na kwenye baiskeli hakutaka kulitia hapo. Wamarekani nao walikuwa na bastola yao ya namna hiyo. Rubani Gary Powers alikuwa nayo ndege yake ya upelelezi ilipoangushwa ndani ya Urusi tarehe 1 Mei 1960, na ikawa miongoni mwa vielelezo walivyoonyeshwa walimwengu huko Moscow.

Wakati wa vita vya Vietnam, Mitchell WerBell, aliyewahi kuwa katika idara ya siri ya Marekani, alifungua kampuni ya viwambo katika jimbo la Georgia. Akakifunga kifaa chake kwenye bunduki ndogo ya rashasha ya fundi Gordon Ingram, wakitaraji kuziuzia serikali za ulimwengu kwa wingi na kwa bei nafuu. Soko halikuwa kama walivyotaraji, na kampuni ikafilisika katikati ya miaka ya 1970. Lakini kampuni ikifilisika, bunduki hazifilisiki pamoja nayo. Zilizokwisha kutoka ziliendelea kutembea kutoka mkono hadi mkono.

Katika zama zetu kifaa hiki kimekuwa rahisi zaidi. Mashine ziendeshwazo kwa kompyuta hukata chuma kwa wingi na kwa upesi. Tena wamezuka wauzaji waliokibadilisha jina, wakauza vipande vyake kwa njia ya posta kwa jina la vyombo vya kusafishia bunduki, mpaka serikali ya Marekani ikawaandama. Ndugu msomaji, ukiona bidhaa imebadilishwa jina ili ipite forodhani, jua kwamba mwenye kuiuza amekwisha kujihukumu kabla hujamhukumu wewe.

Na madhara yameonekana. Tarehe 31 Mei 2019, katika mji wa Virginia Beach, mtu mmoja aliyekuwa na bastola yenye kiwambo aliua watu 12 katika jengo la manispaa. Desemba 2024 mkuu wa kampuni ya bima ya afya aliuawa njiani New York kwa bastola yenye kiwambo. Karibu zaidi na sisi, huko kusini mwa Afrika, majangili wanaoua faru katika mbuga ya Kruger wamekuwa wakifunga viwambo kwenye bunduki zao kubwa za kuwindia, ili askari wa mbuga wasijue mlio umetoka wapi. Kiwambo alichobuniwa nacho jirani asiudhike kimekuwa pazia la mwizi.

MWANACHUONI ANGESEMAJE?

Mas-ala haya si mapya kwa mafakihi. Imamu Bukhari, katika kitabu cha biashara ndani ya Sahihi yake, aliweka mlango makhsusi juu ya kuuza silaha wakati wa fitina, akataja kuwa sahaba Imran bin Husayn alilichukia jambo hilo. Silaha yenyewe ilikuwa halali, upanga ulikuwa katika kila nyumba. Kilichochukiwa ni kuiuza katika wakati ambao muuzaji anajua, au ana dhana yenye nguvu, kuwa itamwaga damu isiyo haki. Wanachuoni wengi wakapima kwa kipimo hicho hicho zabibu kumuuzia mtu ijulikanaye kwamba ataifanya mvinyo. Zabibu haina kosa, lakini ujuzi wa muuzaji umeibadilisha biashara.

Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, isije ikamjeruhi mtu. Hapa pana funzo kubwa. Hakungojewa mtu aumizwe ndipo atafutwe mkosa. Mwenye mishale ndiye aliyebebeshwa kazi ya kuichunga ncha, naye hana nia mbaya hata kidogo.

Basi kwa kipimo hiki, nini hukumu ya Maxim mwana? Nia yake ilikuwa safi na kifaa chake kina manufaa. Kilichopungua ni ule mkono wa kushika ncha. Aliuza kwa kila mwenye dola wala hakuuliza, na asipouliza mwenye duka, hukaa akaja kuuliza hakimu.

KISA CHA MWANA KILIVYOMALIZIKIA

Inafaa tumalize khabari zake, kwa kuwa zina kheri. Katika miaka ya 1920 na kuelekea 1930 kampuni yake iliacha bunduki, ikaugeuza ujuzi ule ule kwenye injini na mitambo ya viwandani, ambako wafanyakazi walikuwa wakipoteza masikio yao kila siku. Huko hakuna muuaji aliyejificha nyuma ya ukimya. Na tangu mwaka 1914 alikuwa amekwisha kuanzisha chama cha wapenzi wa redio nchini Marekani, watu wa kawaida wapelekeanao khabari kwa mitambo yao wenyewe. Mwaka 1925, mjini Paris, akawa rais wa kwanza wa umoja wa vyama hivyo vya ulimwengu. Alifariki tarehe 17 Februari 1936. Mtu aliyeifunga mdomo bunduki akawa ndiye aliyewafungulia watu midomo wasemezane toka pwani hadi pwani. Ni fundi yule yule, na akili ile ile.

NA SISI JE?

Huenda mimi na wewe hatutauza kiwambo maisha yetu yote. Lakini fundi wa kuchomelea huletewa chuma na mtu asiyemjua, akaambiwa, "Nitengenezee hivi, usiulize." Muuza dawa hutakiwa vidonge vya usingizi vingi kuliko mgonjwa mmoja. Muuza pembejeo huuza sumu ya mimea kwa mvuvi, na mvuvi hana shamba. Kijana wa bodaboda naye hufanya kinyume cha Maxim, huitoa sailensa makusudi ili pikipiki yake iungurume usiku penye wagonjwa, na fundi aliyemtolea hupokea ujira wake akanyamaza.

Kwa hao wote jawabu ni moja, na ni nyepesi kuitamka. Uliza: Ni ya nini? Ni ya nani? Kisha andika. Mnunuzi mwema haudhiki kuulizwa, na mbaya atakwenda zake. Utapoteza faida ya siku hiyo, hilo silikatai. Lakini usitegemee bei kuwa mlinzi wako, ukasema kitu changu ni ghali hawezi kukipata mtu mwovu. Tumeona dola 200 zilivyolinda, na tumeona zilivyosinzia. Wala usitegemee nia yako peke yake, maana nia hubaki nawe dukani na kitu hutoka na mnunuzi.

Bunduki yaweza kufungwa mdomo isilie. Aliyeiuza hatafungwa mdomo siku atakapoulizwa.

Wabillahi tawfiq.